Kiapo cha Mfalme Asa



Somo letu ni habari za Asa, mfalme wa Yuda, zilizoandikwa katika 2 Mambo ya Nyakati, mlango wa 14, wa 15 na wa 16. Wahubiri wetu wanaupenda sana mlango wa 14, kwa kuwa ndani yake kuna ushindi. Wanaupenda na wa 15, kwa kuwa ndani yake sanamu zinavunjwa na kuchomwa moto. Mlango wa 16 wanaupita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mwenye kumdai. Lakini sisi tutaisoma yote mitatu, kwa maana swali letu haliwezi kujibiwa na mlango mmoja. Swali ni hili: mtu aliyepewa ushindi na Mungu, je, amepewa pia haki ya kuwalazimisha wengine wamtafute Mungu?

Tusiseme upesi kwamba jibu linajulikana. Katika mji wetu wa Uvira tumeona washindi wengi wakiingia, mwaka 1964, mwaka 1996, mwaka 1998, mwaka 2002, na tena baada ya hapo. Hakuna hata mmoja aliyeingia bila kusema kwamba haki iko upande wake. Na katika makanisa yetu ya kiroho, mtu akisha kuomba na mgonjwa akapona, au akisha kufunga siku 7 na pepo akatoka, yeye naye ni mshindi, na watu wanaanza kumwogopa. Kwa hiyo habari ya Asa si habari ya wafalme peke yao.

Asa alipoanza kutawala, nchi ilikuwa na amani miaka 10. Katika miaka hiyo aliondoa madhabahu za miungu ya kigeni, akajenga miji yenye boma, akaandaa jeshi: watu 300,000 wa Yuda wenye ngao na mikuki, na watu 280,000 wa Benyamini wenye ngao na pinde. Kisha akatokea Zera Mkushi na watu 1,000,000 na magari ya vita 300, wakapanga vita katika bonde la Sefatha karibu na Maresha. Ukihesabu vizuri utaona kwamba Asa alikuwa na watu kidogo kupita nusu ya adui zake. Hapo akamlilia Bwana. Sala yake ni fupi, wala haina majivuno ndani yake. Alimwambia Mungu kwamba kwake ni sawa kumsaidia mwenye nguvu au asiye na nguvu, na kwamba wao wanamtegemea yeye, na katika jina lake wametoka kuukabili wingi huu. Hakutaja madhabahu alizobomoa. Hakutaja miji aliyojenga. Bwana akawapiga Wakushi, na Asa akawafuata mpaka Gerari, akarudi na nyara, kondoo wengi na ngamia.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya neno hili, Mkushi. Kushi ni nchi iliyokuwa kusini ya Misri, upande wa juu wa mto Nili, nchi ya watu weusi. Wako waliosoma vita hii kama hukumu juu ya ngozi yetu. Hao hawakusoma mbele. Katika Amosi 9:7 Mungu mwenyewe anawaambia Waisraeli kwamba machoni pake wao ni kama wana wa Wakushi. Na katika Yeremia 38, wakuu wa Yerusalemu walipomtupa nabii shimoni ili afe katika matope, mtu aliyekwenda kwa mfalme kumwombea, akarudi na kamba na nguo kuukuu za kuweka chini ya makwapa yake ili kamba zisimkwaruze, alikuwa Ebedmeleki, naye alikuwa Mkushi. Zera alishindwa kama mshambulizi, si kama mtu mweusi. Tuendelee.

Ushindi ni kitu cha hatari kwa akili ya mtu, kwa sababu unafanana sana na ushahidi. Mwezi wa tano mwaka 1964 wapiganaji wa Simba waliuchukua mji huu wa Uvira. Waliingia vitani wakiwa wamenyunyiziwa maji ya dawa, wakiita Mai Mulele, wakiamini kwamba risasi zitageuka kuwa maji kama wakishika miiko yote waliyopewa. Askari wa serikali wengi walikimbia. Basi kila mji ulioanguka ulikuwa ushahidi kwamba dawa ni ya kweli. Na mpiganaji akianguka, ilisemwa kwamba alivunja mwiko. Tazameni jinsi fikira hiyo ilivyofungwa pande zote mbili: kushinda kunathibitisha, na kushindwa hakukanushi kitu. Kabla ya mwaka kwisha, serikali ilikuwa imeurudisha mji mikononi mwake. Tusiwacheke watu wale. Mkristo anayesema, nimeshinda kesi ya shamba, basi Mungu ameonyesha kwamba jirani yangu ni mwongo, anapiga hesabu ile ile.

Asa alipokuwa anarudi na nyara zake, nabii Azaria mwana wa Odedi alitoka kumlaki. Hakumwambia kwamba ameshinda kwa kuwa ni mwema. Alimwambia kwamba Bwana yu pamoja nao maadamu wao wako pamoja naye. Wakimtafuta ataonekana kwao, wakimwacha naye atawaacha. Kisha akawakumbusha siku ambazo Israeli ilikaa bila Mungu wa kweli, bila kuhani mwenye kufundisha, na bila torati. Siku ambazo hakukuwa na amani kwa mtu anayetoka wala anayeingia, taifa likapondwa na taifa, na mji na mji. Sisi tunaokaa kwenye njia ya Bujumbura, Bukavu na Fizi hatuhitaji mtu wa kutueleza maana ya kutokuwa na amani kwa atokaye na aingiaye. Lakini ninawaomba mshike jambo la pili katika hayo matatu, kuhani mwenye kufundisha. Tutalihitaji baadaye.

Asa akapata moyo. Akaondoa machukizo katika nchi, akaitengeneza upya madhabahu ya Bwana, akakusanya watu wote Yerusalemu katika mwezi wa tatu wa mwaka wa 15 wa kutawala kwake. Wakatoa katika zile nyara ng'ombe 700 na kondoo 7,000. Kisha wakafanya agano la kumtafuta Bwana kwa moyo wote na roho yote. Na katika agano hilo, mstari wa 13, likaingia neno jingine: kila asiyetaka kumtafuta Bwana atauawa, akiwa mdogo au mkubwa, mwanamume au mwanamke. Wakaapa kwa sauti kuu, na tarumbeta, na baragumu.

Mtu atasema, Asa alishika torati ya Musa tu. Mimi ninajibu, someni Kumbukumbu la Torati 17:2-7. Musa anasema juu ya mtu aliyekwenda akaabudu miungu mingine, yaani mtu aliyefanya tendo. Anaagiza watu waulize na kuchunguza sana. Anaagiza mashahidi wawili au watatu, wala mtu asiuawe kwa neno la shahidi mmoja, na mikono ya mashahidi iwe ya kwanza. Kiapo cha Asa hakina mashahidi, tena hakisemi juu ya tendo. Kinasema juu ya mtu asiyetafuta. Ni nani atakayesimama mbele ya wazee aseme, nilimwona ndugu huyu akiwa hamtafuti Mungu? Kutafuta ni kazi ya moyo. Sheria ya Musa, hata ikiwa kali, ilikuwa na mlango wa mtu kujitetea. Kiapo cha mwaka wa 15 hakikuwa nao.

Tena fikirini ni nani walioapa siku ile. Mstari wa 9 unasema kwamba watu wengi wa Efraimu na Manase na Simeoni walikuwa wamehamia kwa Asa walipoona kwamba Bwana yuko pamoja naye. Sisi tunawajua watu wa namna hiyo, kwa maana tumewapokea na sisi wenyewe tumekuwa wao. Mwaka 1972 na mwaka 1993 Warundi walivuka Ruzizi kuja kwetu. Mwaka 1996 na 1998 ilikuwa zamu yetu kupanda mitumbwi kwenda Kigoma, na wengi walikaa Nyarugusu mpaka watoto wao wakazaa watoto. Tangu mwaka 2015 Warundi walikuja tena wakawekwa Lusenda. Mtu aliyevuka maji usiku na mtoto mgongoni, ukimwambia apa, ataapa. Ukimwambia imba, ataimba kwa nguvu kuliko wenyeji. Maandiko yanasema kwamba Yuda yote walikifurahia kiapo kile, kwa kuwa waliapa kwa moyo wote, wala sisemi kwamba si kweli. Ninasema tu kwamba neno la kifo lilitajwa katika mstari wa 13, na furaha inakuja katika mstari wa 15, na mwenye kusoma aone ipi ilitangulia.

Sasa tutazame kiapo kilifanya kazi gani, kwa maana sheria inajulikana siku inapomfikia mtu.

Mtu wa kwanza ni Maaka. Huyu alikuwa mama wa mfalme, na kwa kulinganisha na 1 Wafalme 15 tunaona kwamba alikuwa mama wa baba yake Asa. Kwetu hilo halishangazi, maana mama wa baba ni mama. Maaka alikuwa amefanya sanamu ya kuchukiza kwa ajili ya Ashera. Hapo ndipo mahali pa kiapo. Kiapo kilisema mdogo au mkubwa, mwanamume au mwanamke, na huyu alikuwa mwanamke, tena mkubwa kuliko wanawake wote wa nyumba ya kifalme, na tendo lake halikuhitaji kuchunguzwa kwa maana sanamu ilikuwa imesimama. Asa alifanya nini? Alimwondolea cheo cha umalkia. Alikata sanamu, akaiponda, akaichoma moto penye kijito cha Kidroni. Juu ya kumwua Maaka hakuna neno hata moja. Sanamu ilichomwa, mama mzee hakuchomwa.

Mimi ninaona kwamba hapo Asa alifanya jambo lililo bora kuliko yote ya mlango wa 15. Kubomoa madhabahu ya jirani ni rahisi. Kuingia katika nyumba ya mama yako mwenyewe, mbele ya watumishi wake, na kumwambia cheo kimekwisha, hiyo ni kazi ya mtu mwenye moyo. Lakini siku ile ile alionyesha kwamba kiapo kilikuwa kizito kupita kiasi, kwa sababu kilipofika mlangoni kwake yeye aliyekiapisha hakuweza kukibeba. Tumlaumu kwa kutokumwua? Hapana. Tumuulize tu, kama Maaka aliweza kuachiwa uhai, kwa nini mama wa mtu mwingine huko Efraimu aliambiwa kwamba atakufa?

Wa pili ni wale wa mahali pa juu. Katika 14:5 tunasoma kwamba Asa aliondoa mahali pa juu katika miji yote ya Yuda, na katika 15:17 tunasoma kwamba mahali pa juu hapakuondolewa katika Israeli. 1 Wafalme 15:14 inasema hapakuondolewa, basi. Wenye elimu wanabishana. Mtu aliyewahi kukaa chini ya serikali yenye nguvu anaelewa bila kubishana. Amri inafika, madhabahu inabomolewa, askari wanaondoka, na mwezi ukipita mawe yanapangwa tena upande wa pili wa kilima.

Wa tatu ni Asa mwenyewe. Katika mwaka wa 36, kama Mambo ya Nyakati inavyohesabu, Baasha mfalme wa Israeli alijenga Rama ili kufunga njia. Asa hakulia kama alivyolia Maresha. Alitoa fedha na dhahabu katika hazina za nyumba ya Bwana, akampelekea Ben-hadadi wa Shamu ili avunje mapatano yake na Baasha. Mpango ulifaulu. Alibeba mawe na miti ya Rama akajengea Geba na Mispa. Kisha Hanani mwonaji akaja kumwambia kwamba amefanya upumbavu, akamkumbusha Wakushi na Walubi ambao Bwana aliwatia mkononi mwake. Asa akakasirika, akamtia mwonaji gerezani, na wakati ule ule akawaonea watu wengine.

Azaria mlango wa 15, Hanani mlango wa 16. Mfalme ni yule yule, Roho ni yule yule. Mmoja alileta neno la kutia nguvu akasikilizwa, wa pili alileta neno la kukemea akafungwa. Katika nchi yetu tunajua habari kama hiyo. Simon Kimbangu aliomba na kuponya watu kwa miezi michache tu mwaka 1921. Mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ilimhukumu kifo, Mfalme Albert akageuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa gerezani Elisabethville mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951, miaka 30. Wale waliomfunga walijiita wenye kuleta nuru ya Kristo.

Katika mwaka wa 39 Asa alishikwa na ugonjwa wa miguu, ukazidi sana. Na hapo mwandishi anatumia tena neno lile lile la kiapo. Anasema kwamba hata katika ugonjwa wake Asa hakumtafuta Bwana, bali waganga. Ni lazima niseme kitu juu ya waganga, maana mstari huu umetumika kuwazuia wagonjwa wasipelekwe hospitali, na hapa Uvira, ambapo kolera inarudi mara kwa mara, mtu akicheleweshwa siku moja anaweza kufa. Isaya alimwekea Hezekia dawa ya tini juu ya jipu. Luka alikuwa mganga, na Paulo anamwita mpendwa. Kosa la Asa halikuwa kwenda kwa waganga. Kosa ni lile neno la kwanza, hakumtafuta. Angeweza kufanya yote mawili.

Basi, ndugu zangu, rudini kwenye mwezi wa tatu wa mwaka wa 15. Asiyemtafuta Bwana atauawa. Ni nani sasa asiyemtafuta Bwana? Kwa sheria yake mwenyewe, mfalme alistahili kufa kitandani mwake mikononi mwa watu waliompigia tarumbeta. Lakini Mungu hakukitumia kiapo kile. Asa aliishi mpaka mwaka wa 41 wa kutawala kwake. Walimzika katika kaburi alilojichimbia, juu ya kitanda kilichojaa manukato, wakamwashia moto mkubwa sana wa heshima. Na 15:17 inasema kwamba moyo wa Asa ulikuwa mkamilifu siku zake zote. Zamani neno hilo lilikuwa linanisumbua, nikaona kama halipatani na gereza la Hanani. Sasa ninalisoma hivi: Mungu alimpima Asa kwa kipimo kipana kuliko kile Asa alichowapimia watu wake.

Kiapo cha namna hii hakikubaki Yerusalemu. Katika Ethiopia alikuwako mfalme Yohannes wa IV. Wafalme wa nchi ile walisema kwamba wao ni wa ukoo wa Sulemani, na Asa alikuwa kitukuu cha Sulemani. Majeshi ya Misri yalipopanda kuichukua nchi yake, Yohannes aliyashinda kule Gundet mwezi wa Novemba 1875, na tena kule Gura mwezi wa Machi 1876. Ulikuwa ushindi wa ajabu, Waafrika wakiwashinda askari wenye mizinga na maofisa wa kutoka Marekani na Ulaya. Miaka miwili baadaye, mwaka 1878, akaitisha mkutano mkubwa Boru Meda katika nchi ya Wello. Wakristo waliobishana juu ya asili ya Kristo wakalazimishwa kuwa na imani moja. Waislamu wa Wello wakaamriwa kubatizwa. Mkuu wao, Mohammed Ali, alibatizwa akaitwa Mikael, na mfalme mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo. Wengine walikimbia nchi, wengine walishika silaha, na wengine wengi walikwenda kanisani mchana na kuswali usiku. Yohannes alikufa vitani Metemma mwezi wa Machi 1889, akipigana na Waislamu wa Sudani. Na mwaka 1916 mwana wa yule Mikael, Iyasu, aliyekuwa ameshika kiti cha Ethiopia, aliondolewa akishitakiwa kwamba amegeukia Uislamu. Miaka 38 baada ya mkutano ule, swali juu ya nyumba ile lilikuwa bado lile lile. Wello ina Waislamu wengi mpaka leo.

Na kwetu? Mobutu alichukua nchi tarehe 24 Novemba 1965. Waasi walikuwa wameshindwa karibu kila mahali, isipokuwa katika milima ya Fizi, na mwaka 1967 mamluki wa Schramme walitolewa Bukavu. Nchi ikatulia. Ndipo mshindi akageukia mambo ya Mungu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa matatu: Kanisa Katoliki, Kanisa la Kristo katika Zaire ambamo Waprotestanti wote waliwekwa pamoja, na Kanisa la Kimbangu. Makanisa mengine mengi, hasa yaliyoanzishwa na manabii Waafrika, yalibaki nje ya mlango. Yakaomba nafasi chini ya paa la wengine, au yakaomba Mungu katika nyumba na porini. Kanisa la mtu aliyefungwa miaka 30 lilikuwa ndani, na ndugu zake walikuwa nje. Nalisema bila chuki, kwa sababu sisi nasi kama tungepewa kiti kile tungekaa. Lakini waliokuwa ndani hawakustarehe. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa. Mwaka 1974 Noeli iliacha kuwa siku ya mapumziko. Mwaka ule waziri mmoja alimwita Prezida masiya. Sheria iliyoanza kwa kuchagua makanisa ya kweli ilifika mahali ambapo Kristo mwenyewe alikuwa anasongwa.

Hiyo ndiyo njia ya mlango wa 14 kwenda wa 16. Mtu anaanza kwa kulia mbele za Mungu kwamba hana nguvu. Anapewa nguvu. Anasafisha nyumba yake, na hilo ni jema. Kisha anaona kwamba nguvu zimebaki, anatafuta mahali pa kuzitumia, na mahali palipo karibu ni moyo wa mtu mwingine.

Wafalme nimewasema vya kutosha. Sasa makanisa yetu. Mwaka 2021 katika Kabare na Kalehe, humu humu Kivu ya Kusini, wanawake wazee waliuawa na watu wenye hasira wakisemwa kuwa wachawi, na wengine walichomwa moto. Waliowataja walikuwa wanawake wanaojiita manabii, wanaojulikana kwa jina la bajakazi. Tusiseme hao si wa kwetu. Roho ya unabii ni mali ya makanisa kama yetu, na mtu akiitumia vibaya, sisi ndio tunaojua lugha yake. Nabii anayesimama usiku wa maombi akasema, mama mzee wa nyumba hii ndiye amefunga kazi yenu, ametoa kiapo cha Asa bila kuwa na torati ya Musa. Mashahidi wawili wako wapi? Nani alichunguza sana? Naye, kama ana uwezo wa Roho kweli, aende akafanye kama Asa kwa Maaka: akiona kitu cha kuchukiza akichome kitu kile, na mama arudi jikoni kwake akale na wajukuu.

Mtu atauliza kama basi tuache kila mtu na sanamu zake. Asa hakuacha, wala mimi sisemi hivyo. Mfalme alikuwa na haki juu ya madhabahu zilizojengwa kwa mali ya ufalme, juu ya cheo alichokitoa yeye, juu ya nyumba yake. Mchungaji ana haki ya kumwondoa mzee wa kanisa katika uzee wake, na kumzuia asishike meza ya Bwana. Hayo yote ni ya mikono na yanaonekana. Kutafuta ni kitu kingine. Hakuna tarumbeta inayoweza kumfanya mtu amtafute Mungu, kama vile huwezi kumpiga mtoto mpaka aone njaa.

Sasa tumrudie Azaria. Alisema Israeli ilikosa vitu vitatu, na kimoja ni kuhani mwenye kufundisha. Pitia mlango wa 15 wote, utaona Asa akivunja, akitengeneza, akikusanya, akichinja, akiapisha. Habari ya mtu kufundisha watu torati haimo. Aliyeifanya ni mwana wake, Yehoshafati, na imeandikwa katika 17:7-9. Katika mwaka wa 3 wa kutawala kwake alituma wakuu 5, na Walawi 9, na makuhani wawili, Elishama na Yehoramu. Jumla yao watu 16, kwa nchi ambayo baba yake aliiwekea askari 580,000. Walikuwa na kitabu cha torati ya Bwana, wakaenda wakizunguka miji yote ya Yuda, wakiwafundisha watu.

Juu ya Hanani, Maandiko hayasemi kama alitoka gerezani. Lakini Yehoshafati alipokosa kwa kwenda vitani pamoja na Ahabu, aliyetoka kumlaki na kumkemea, katika 19:2, alikuwa Yehu, mwonaji, mwana wa Hanani. Mfalme alimsikiliza, wala hakumfunga. Akatoka tena, akapita kati ya watu toka Beer-sheba mpaka milima ya Efraimu, akiwarudisha kwa Mungu wa baba zao.